Jibu: Storch original na za Wafaransa unazitofautishaje?

Mkuu umeuliza utajuaje ndege ndogo ya Fieseler Storch original ya Mjerumani na zile zilizotengenezwa na Wafaransa, na zilizobaki ziko wapi. Cheki pua kwanza. Mjerumani aliweka injini ya Argus, V8 (silinda 8 zilizopangwa kama herufi V) iliyogeuzwa kichwa chini, ndo maana pua yake nyembamba. Kiwanda cha Wafaransa cha Morane-Saulnier kilikuwa kinamtengenezea Mjerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vita vikaisha wakaendelea kivyao, toleo lao la MS.500 bado na Argus hivyo kwa pua pekee huwezi kuitofautisha, ila MS.502 wakaifunga injini ya Salmson ya silinda 9 zilizopangwa duara, pua bonge, hiyo haikusumbui hata picha iwe ya mbali.

Za Wajerumani wenyewe zilikuwa na matoleo, C-1 ilikuwa ya kubeba maofisa na ujumbe, C-2 ya upelelezi ina bunduki inatazama nyuma, D ya wagonjwa ina mlango mkubwa wa kupitisha machela.

Zilizobaki zipo kadhaa, Marekani iko moja pale makumbusho ya jeshi la anga, Dayton, Ohio. Ila mimi inayonigusa ni ile ya RAF Museum (makumbusho ya jeshi la anga) Uingereza, yenye namba VP546, maana ndo hiyohiyo Eric Brown, rubani wa majaribio wa Uingereza, alitua nayo kwenye meli ya kubebea ndege ya HMS Triumph mwaka 1946! Ukipata picha yake angalia mbele ya bawa, kuna kipande kirefu kimeachia uwazi na bawa lenyewe, hewa inapita hapo, ndo siri ya kuruka taratibu vile bila kudondoka.

Kama una picha ya hiyo uliyoiona itupie hapa tuiangalie.