Betri ya laptopu imechoka na waranti bado ipo

SWALI: Habari zenu, laptopu yangu nilinunua mpya Kariakoo miezi 8 iliyopita, mwanzoni ilikuwa inakaa na chaji masaa 5 saa hizi hata dakika 40 haifiki, inazima ghafla wakati inaonyesha asilimia 30. Muuzaji anasema betri haina waranti kabisa. Ni kweli?
Msomaji, Dar

JIBU: Pole sana ndugu yetu, usikubali kirahisi hivyo. Kampuni nyingi zinaipa betri waranti ya mwaka 1 hata kama mashine yenyewe ina 3, kwa hiyo soma kwanza ile karatasi yako, na usisubiri, umebakiwa na muda mchache. Kama unatumia Windows fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) andika powercfg /batteryreport, itakutolea ripoti, humo angalia Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake sasa ikijaa), mfano ya kwanza ni 50,000 ya pili 20,000 basi betri imebaki asilimia 40 tu, huo ndo ushahidi wako, printi upeleke pamoja na risiti. Muuzaji akikataa nenda kwa wakala wa kampuni. Mafaili yako yakopi kabla hujaiacha kwa fundi.

Ila kama imevimba, unaona kibodi imeinuka, acha kuichaji leo leo na usiitoboe, betri za lithiamu zinashika moto.