Saini ya baruapepe inayobadilika yenyewe

Kabla ya kuandika skripti (faili la amri) yoyote, igawe saini yako sehemu mbili: isiyobadilika, yaani jina, kazi na namba ya simu yenye +256 (msimbo wa Uganda), na ile inayobadilika, kwa mfano methali. Wengi hurundika saini nzima nzima kwenye faili moja. Siku laini ya simu ikibadilika, inabidi kusahihisha kila moja, na lazima kuna itakayosahaulika.

Haya ni ya kompyuta yenye mfumo wa Ubuntu na programu ya baruapepe ya Thunderbird. Ndani ya folda yako ya nyumbani (home, inayoandikwa pia ~) tengeneza folda iitwayo saini, na jina lake lisianze na nukta. Ushauri wa zamani ni kuweka saini kwenye ~/.signature, lakini Thunderbird ya snap (aina ya kifurushi cha programu), ndiyo inayokuja na Ubuntu 24.04, hairuhusiwi kusoma mafaili yaliyofichwa kwa nukta hivyo. Ndani ya folda weka kudumu.txt yenye mistari mitatu, methali.txt yenye methali moja kila mstari, na geuza.sh:

#!/bin/sh
cd "$HOME/saini" || exit 1
cat kudumu.txt > mpya.txt
grep . methali.txt | shuf -n 1 >> mpya.txt
mv mpya.txt saini.txt

Shuf huchagua methali moja kwa bahati nasibu. Hiyo grep huruka mistari mitupu. Bila yake kuna barua zitakazokwenda bila methali. Nayo mv inakaa mwisho ili Thunderbird isije ikakuta faili lililoandikwa nusu. Kudumu.txt imalizie kwa Enter, la sivyo methali itagandana na namba ya simu. Methali za Kiganda zenye herufi ŋ zinataka faili lihifadhiwe kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi.

Endesha sh ~/saini/geuza.sh mara moja kwenye terminali, usome saini.txt. Kama skripti iliandikwa kwenye Windows, kila mstari una herufi ya ziada isiyoonekana, na saini.txt haitatokea. Dawa ni sed -i 's/\r$//' ~/saini/geuza.sh.

Kisha andika crontab -e, ufungue ratiba ya cron (programu inayoendesha kazi kwa zamu), uongeze mstari huu wa kuendesha skripti kila dakika 15:

*/15 * * * * /bin/sh $HOME/saini/geuza.sh

Umeme ukikatika na kompyuta ikazimika, cron hairudii zamu zilizopita. Hakuna hasara, saini ya mwisho inabaki.

Kwenye mipangilio ya akaunti ya Thunderbird, chagua saini itolewe kwenye faili, uonyeshe saini.txt. Husomwa upya kila unapofungua barua mpya. Usiandike vistari viwili juu yake. Programu huviweka yenyewe, na ndivyo vinavyoziwezesha programu nyingine kuikata saini mtu anapokujibu. Desturi ni mistari isiyozidi minne, ndiyo maana kudumu.txt ina mitatu.

Kazi ngumu ni kuchagua methali. Bahati nasibu haina adabu: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" inaweza kumwangukia mfadhili anayepanga kuja Gulu kukagua mradi. Weka zile tu unazoweza kumpelekea bosi, benki na mkweo. "Haba na haba hujaza kibaba" haimchomi mtu, wala ile ya Kiganda, "Akwata empola atuuka wala" (aendaye polepole hufika mbali). Ukiandika rambirambi, futa mstari wa methali kwa mkono.

Simu haimo katika mpango huu. Saini ya Gmail ya simuni hukaa kwenye mipangilio yake, na skripti haiifikii. Pale weka sehemu ya kudumu peke yake.