Nguvu ya Msichana Lazima Iwe na Sharti: Kwa Vijana Wanaoandika Riwaya za Ajabu

Mswada wa riwaya yangu umekubaliwa na mchapishaji, na tangu habari hiyo ienee hapa Chake Chake nimekuwa nikipokea ujumbe kutoka kwa vijana wanaoandika. Mmoja wao, mwanafunzi wa skuli ya sekondari huko Wete, ameniuliza: "Dada, msichana wangu anaua kwa kumtazama mtu, lakini kila anayesoma ananambia hatishi. Nifanye nini?" Nimeona nimjibu hadharani, kwa sababu najua hayuko peke yake, na kwa sababu jibu lenyewe nimelipata kwa tabu.

Mdogo wangu, msichana wako hatishi kwa sababu nguvu yake haimgharimu kitu. Anatazama, adui anaanguka, sura nyengine inaanza. Sisi Wapemba hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza jambo hili. Mtoto yeyote aliyekulia kisiwani amesikia kwamba uganga hautolewi bure, kwamba aliye kiti cha pepo, yaani anayepandwa na pepo, ana miiko yake, na kwamba sharti likivunjwa huumia hata wasiohusika, walio ndani ya nyumba ile ile. Mwandishi wa riwaya ya ajabu anayahitaji maarifa hayo kuliko mengine yote. Aijue nguvu, alijue sharti lake, na amjue atakayelipa.

Msichana wangu mimi anaitwa Mize. Anaishi katika shamba la mikarafuu upande wa Pujini, muda mfupi baada ya kimbunga cha mwaka 1872, ambacho kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama. Mama yake ni mtumwa, kwani utumwa uliendelea kuwa halali visiwani mwetu hadi mwaka 1897, na kwa hiyo yeye Mize naye ni mali ya mwenye shamba. Nguvu yake ni kukausha. Kila mtu wa huku anajua kwamba karafuu iliyochumwa huhitaji siku kadhaa za jua kali juu ya jamvi, na kwamba mvua ikiikuta kabla haijakauka hupoteza rangi na kufanya kuvu. Mize anapitisha kiganja chake juu ya jamvi wakati wingu limeshatanda, na karafuu zilizokuwa laini na zenye wekundu zinageuka rangi ya kahawia, zinakuwa ngumu, na ukiishika moja kwa vidole viwili inakatika kwa mlio. Sura ya kwanza inamalizika kwa furaha shamba zima.

Katika sura ya pili mbuzi wa bibi yake anakauka maziwa. Mize haoni uhusiano wowote, lakini msomaji ameshaanza kuingiwa na wasiwasi. Mvua nyengine inapokaribia, mwenye shamba anamwita mwenyewe, na usiku huo huo mama yake, ambaye ana mtoto mchanga kifuani, anakuta hana tone. Kila unyevu anaouondoa pahala pamoja huondoka na mwengine pahala pengine, na daima ni karibu na wale anaowapenda. Hilo ndilo sharti, na sikulilegeza hata katika ukurasa mmoja, ijapokuwa zipo sura ambazo kulilegeza kungenipunguzia kazi kubwa.

Zingatia pia ni nani anayefaidi. Mize hapati hata pishi moja ya karafuu anazoziokoa, na anayetajirika ni yule anayemmiliki. Hapo ndipo nguvu inapokuwa ya hatari kwelikweli, kwa sababu msichana amezungukwa na watu wanaotaka aitumie tena na tena, na hakuna hata mmoja wao atakayelipa.

Kwa tukio kubwa la kitabu nilikwenda kwenye magofu ya ngome ya Pujini, ambayo masimulizi yanainasibisha na Mkama Ndume, mtawala aliyesifika kwa ukatili hata ikasemwa kwamba aliwalazimisha watu wabebe mawe huku wakijikokota kwa makalio. Huko kuna kisima ambacho wazee husema kiligawanywa kwa ukuta ili wake wawili wa mtawala wasikutane wanapoteka maji. Nilisimama pale kwa muda mrefu, kwani niliona kwamba sharti la Mize limeshajengewa mahali pake kabla sijazaliwa: kisima kimoja chenye pande mbili, na upande mmoja hauwezi kuokolewa bila ya mwengine kukauka. Nenda ukaione ardhi unayoiandika. Utapata huko kile ambacho kukaa mezani hakukupi.

Mswada huu uliwahi kurudishwa. Mchapishaji wa kwanza aliuweka kwa muda mrefu, kisha akanambia kwamba vijana hawataki mikarafuu na visima, wanataka makasri na theluji. Maneno hayo yananiuma hadi leo, kwa sababu yalitoka kwa mtu anayezungumza Kiswahili na aliyekulia ufukweni kama mimi. Wadogo zangu, msikubali kuambiwa hivyo. Ajabu yetu inatosha. Ila muiandike kwa heshima, kwani kisiwa hiki kimepakaziwa jina la uchawi na wageni kwa miaka mingi, na jirani yako atakayekisoma kitabu chako pengine anaamini kwa dhati yale unayoyaita ya kubuni. Msichukue maneno ya kilingeni, pale waganga wanapofanyia kazi yao, mkayatia kitabuni kama mapambo, wala msimdhalilishe fundi wa pepo ili mhusika wenu aonekane mwerevu. Buni sharti lako mwenyewe, uliandike kwa sentensi moja, ulibandike mbele ya unapokaa, na kila unapomaliza sura jiulize ni nani aliyelipa safari hii. Ukikosa jibu, sura hiyo haijamalizika.

Mchapishaji wa sasa naye alikuwa na ombi. Alitaka mwishoni Mize aolewe na nguvu zimtoke, kwa maelezo kwamba wazazi wangeridhika zaidi. Nilimjibu kwa barua ndefu kwamba msichana aliyelipa kiasi kile hawezi kunyang'anywa alichokilipia, na kwamba msomaji wa miaka kumi na sita, ambaye kila siku anaambiwa apunguze sauti na apunguze akili, angelitambua tusi hilo mara moja. Tulivutana, na mwisho alikubali. Mize anabaki na nguvu zake, anabaki na sharti lake, na tangu hapo yeye mwenyewe ndiye anayeamua ni lini atanyoosha mkono.