Claudius hakuokota tu ukaizari

Ndugu, umeuliza kama Claudius aliupata ukaizari wa Roma kwa bahati tu. Mwanzo ulikuwa bahati, ndiyo. Kaizari Caligula alipouawa Januari mwaka 41 BK, askari wa ikulu walimkuta Claudius, baba mdogo wa Caligula, amejificha nyuma ya pazia, wakampeleka kambini kwao na kumtangaza mtawala huku Seneti, baraza kuu la Roma, ikiwa bado inajadiliana. Ila yeye aliahidi kila askari sesterce 15,000 (sarafu za Kirumi), na Seneti ikabaki haina la kufanya.

Alikuwa akichechemea na kugugumia, na jamaa zake walimweka kando miaka mingi. Hata mama yake mzazi alimdharau! Naamini dharau hiyo ndiyo iliyomwokoa, maana nani angemwona tishio?

Mimi namheshimu kwa kazi. Majeshi yake yaliingia Britania mwaka 43. Alianza kujenga bandari mpya karibu na mji wa Ostia ili nafaka ya Roma ifike salama, akakamilisha mfereji wa maji wa Aqua Claudia mwaka 52. Alikufa mwaka 54. Waandishi wengi wa kale wanasema mkewe Agrippina alimpa sumu, na mwana wa Agrippina, Nero, akatawala.