Kila mpiga kura husema kampeni huwashika wenzake, si yeye

Umeuliza kama tuwaamini wapiga kura wanaodai ujumbe wa kampeni hauwagusi. Usiyachukue majibu hayo yalivyo. Mtafiti wa mawasiliano W. Phillips Davison alilieleza hili mwaka 1983: mtu huona ujumbe unawaathiri wengine kuliko yeye mwenyewe. Kwenye dodoso weka maswali mawili, kipimo 1 hadi 7: kaulimbiu ya hasla (mhangaikaji) ya William Ruto, uchaguzi wa Kenya 2022, ilikugusa kiasi gani? Na wapiga kura wengine je? Toa jibu la "wewe" kwenye jibu la "wengine"; tofauti hiyo ndiyo pengo. Nusu ya wahojiwa waanze na "wengine", maana mpangilio wa maswali unaweza kupotosha. Tena taja hao wengine ni nani! Wakiwa wafuasi wa chama pinzani, pengo kwa kawaida hupanuka. Na pengo hilo hupima dhana tu, si kura zilizohama.