Faili la programu lijue kwa hashi, si kwa jina

Faili la programu likinifikia mkononi, jina lake nalisoma mwisho. Cha kwanza ni hashi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe. Tabia hii nimeipata kwa kutunza kompyuta za watu, na ninaamini kila anayesakinisha programu angefaa kuwa nayo.

Fungua folda yoyote ya zamani utakuta setup.exe, setup(1).exe na setup-mpya.exe. Ukubwa unakaribiana, tarehe ni za siku yalipopakuliwa. Lipi ni toleo gani? Jina halisemi, maana yeyote anaweza kulibadilisha bila kugusa kilichomo ndani. Hashi hukokotolewa kutokana na yaliyomo peke yake. Geuza biti moja tu katika faili la gigabaiti 4, hashi nzima inageuka. Ni kama alama za vidole: mtu hata akijiita jina jingine, vidole ni vilevile.

Kuipata ni amri moja; hapa natumia SHA-256, njia mojawapo ya kukokotoa hashi. Kwenye Linux andika sha256sum ukifuatisha jina la faili. Kwenye macOS ni shasum -a 256. Kwenye Windows ni certutil -hashfile setup.exe SHA256. Utapewa mstari wa herufi na tarakimu 64. Urefu huo wenyewe ni taarifa: ukiona 32 huenda ni MD5, 40 ni SHA-1, njia za zamani zaidi za kukokotoa hashi. Halafu usilinganishe kwa kutupia jicho mwanzo na mwisho wa mstari. Ukiwa na orodha ya hashi kutoka kwa watengenezaji, sha256sum -c italinganisha yenyewe.

MD5 ninaitumia bado kutafuta nakala zinazojirudia kwenye diski yangu, basi. Tangu 2004, Wang Xiaoyun na wenzake walipoonyesha kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kutengenezwa yakatoa MD5 moja, haifai tena kumzuia mtu mwenye nia mbaya. SHA-1 nayo ilifikwa na hayohayo mwaka 2017, pale Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam walipotoa PDF mbili zenye hashi moja.

Jambo linalonisumbua zaidi ni mahali hashi inapotoka. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, wakaelekeza kiungo cha kupakua kwenye nakala yenye mlango wa siri. Anayeweza kubadilisha kiungo anaweza pia kubadilisha hashi iliyoandikwa pembeni yake. Kwa hiyo tafuta orodha iliyotiwa sahihi ya kidijitali, kisha uhakiki sahihi hiyo kwa gpg, programu ya kukagua sahihi kama hizo. Kwenye Debian, aina nyingine ya Linux, apt (programu yake ya kusakinisha) inakufanyia haya kimyakimya: faili la InRelease lina sahihi na linabeba hashi za orodha za vifurushi, na orodha hizo zinabeba hashi ya kila kifurushi.

Hata hivyo, hashi inakuambia faili ni lipi. Kama ni jema, haisemi. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, mwaka 2024, yalitoka kwa mtunzaji mwenyewe yakiwa na msimbo hatari ndani. Aliyelinganisha hashi aliona kila kitu kiko sawa, na kweli faili lilikuwa lilelile lililotolewa.

Faili lisilojulikana asili yake, nakili hashi yake uitafute VirusTotal, tovuti ya kukagua mafaili kwa programu nyingi za kupambana na virusi, kabla ya kupandisha faili lenyewe, hasa kama ni la ofisi na lina siri. Ikijulikana, mara nyingi utaona na majina ambayo faili hilo limewahi kuitwa. Isipojulikana, usihukumu bado. Pengine hakuna aliyewahi kulipandisha. Vilevile hashi kutofautiana hakumaanishi moja kwa moja kwamba kuna virusi: upakuaji unaweza kuwa ulikatika njiani, au umeshika toleo la biti 32 badala ya 64.

Mimi huweka faili la maandishi ndani ya kila folda ya programu: hashi, toleo, mahali nilipolipata, tarehe. Na ukikuta SHA-256 inayoanza na e3b0c44298fc, usihangaike kuitafuta popote. Hiyo ni hashi ya faili tupu, halina hata baiti moja ndani. Pakua upya.