Kuku wako walala wapi usiku? Kwa mnaoanza kufuga hapa Mombasa

Kila nikiitwa kuangalia banda la mtu anayeanza kufuga nakuta mambo ni yale yale, pesa yote imeenda kwa mabati, waya na mlango, vyombo vya maji vipya vyang'ara, halafu ukichungulia ndani hakuna pa kulala. Ukiuliza waambiwa si watalala tu hapo chini, kuku ni kuku. Jamani hapana. Hapa kwetu jua latua kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasorobo mwaka mzima, na asubuhi halichelewi wala haliwahi sana, kwa hivo kuku wako kila siku ya Mungu yuko kizani karibu masaa 12, na hayo masaa 12 ndo yanayoamua kama utaokota mayai safi, kama miguu na kifua vitakuwa vizima, na kama asubuhi utawakuta wote.

Kwanza tumuelewe kuku mwenyewe. Asili yake ni yule kuku mwekundu wa mwituni wa kusini na kusini mashariki mwa Asia, na yule mpaka leo ikiingia magharibi apanda mti alale juu, manake chini ndo kwenye kila anayemla. Huyu wetu wa uani amefugwa maelfu ya miaka lakini hiyo tabia hajaiacha. Na kingine, kuku kizani haoni vizuri kabisa, taa ikizimika pale alipo ndo hapo hapo. Kwa hivo kukianza kuwa na kiza kidogo tu yeye atafuta mahali pa juu kuliko pote anapoweza kufika, na popote hapo ndo kitanda. Kama pa juu kuliko pote ni sanduku la kutagia, atalala ndani ya sanduku la kutagia. Kama ni ndoo ya chakula ataning'inia kwenye ndoo. Kama banda halina kitu na nje kuna mwarobaini au mwembe, utamuona juu ya mti, halafu utakuja kuniuliza mbona hawataki kuingia ndani!

Mpe basi mti wa kulalia. Mbao ya inchi 2 kwa 2 yatosha, zile pembe kali mwambie fundi azipige randa kidogo zilainike, ama kama wapata boriti nyembamba iliyonyooka ni nzuri sana, yaishi miaka na maji haiogopi. Bomba la chuma au la plastiki usiweke, lateleza, kuku ashinda usiku kucha akijishika na hapati usingizi, halafu chuma huku kwetu lashika joto mchana. Na usiweke fito nyembamba kama kidole, kifua cha kuku chalalia ule mti, ukiwa mwembamba wamuumiza. Muangalie akilala, ashuka chini mpaka manyoya ya tumbo yanafunika vidole vyote vya miguu, yaani miguu huioni kabisa, na kichwa akirudisha nyuma akifukie kwenye manyoya ya bega. Ukiona kuku saa tatu usiku bado amesimama wima juu ya mti ahamahama, ujue huo mti una shida, ama mwembamba, ama wacheza, ama una wadudu. Huo mti ukalie kwenye vishikio mpaka usitikisike, hili watu walichukulia rahisi na si rahisi.

Urefu wa kwenda juu, kwa kienyeji futi 2 mpaka 3 ni sawa. Wale wazito, na hata hawa kienyeji walioboreshwa wakishakuwa wakubwa, wawekee futi 1 na nusu hivi, manake shida si kupanda, shida ni kushuka asubuhi. Kuku mzito akiruka kutoka juu kila siku kwenye sakafu ya simiti aumia wayo, huanza kidonda kidogo, kinaingia uchafu, kinafura na katikati kinafanya kigamba cheusi kigumu, na akifika hapo kumtibu ni kazi. Muwekee kiubao cha kupandia na chini mwaga maranda ya kutosha kutoka kwa seremala. Broila yeye msahau kwenye hii habari, mwili wake mzito na maisha yake mafupi, yeye alala chini kwenye maranda makavu na hapana neno, mradi yawe makavu.

Sasa nafasi. Vitabu vyasema inchi 8 mpaka 10 kwa kila kuku, na ukisoma za nchi za baridi wakwambia wacha wabanane wapashane joto, na uchague mbao pana ili vidole visigandwe na barafu. Barafu Mombasa iko wapi? Shida yetu ni joto. Kuku hana jasho, joto lake hulitoa kwa kuhema mdomo wazi na kwa kuinua mabawa ili upepo upite ubavuni, na akibanwa kushoto na kulia hayo mabawa atayainua vipi. Mimi huwapa futi 1 kila mmoja, kwa hivo kuku 10 wataka futi 10 za mti, iwe mmoja mrefu au miwili ya futi 5, na ukiweka miwili uitenganishe futi 1 na uache futi 1 kutoka ukutani ili mikia isikwaruze. Iweke usawa mmoja. Ukiweka ngazi, mmoja juu mmoja chini, wote wataka wa juu, utasikia kelele kila magharibi wakisukumana kama abiria wa feri ya Likoni, na wale wanyonge wakishindwa walala chini na usiku kucha wadondoshewa kinyesi mgongoni. Hata ukiweka usawa mmoja watagombana kidogo mwanzo, huo ni utaratibu wao wa nani mkubwa, wacha wamalizane.

Na hilo la joto lataka uangalie upepo. Nyinyi mnaokaa Kisauni, Likoni, Mikindani mwajua wenyewe, kusi likianza mwezi wa 4 laja na mvua za masika, na hiyo mvua hainyeshi wima, yaja ubavuni. Upande huo wa kusini na kusini mashariki weka ukuta mzima au mabati. Upande wa kaskazini acha wazi na waya, kuanzia juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala mpaka kwenye paa, ili hewa chafu na joto vitoke juu na kuku wenyewe wasipigwe na mvua. Wakati wa kaskazi, na zaidi mwezi wa 2 na wa 3 kukiwa hakuvumi kitu, huo upande wazi ndo utakaowaokoa. Kama umeezeka mabati usiweke mti karibu na paa, yale mabati yameshiba jua mchana kutwa na mpaka saa mbili usiku bado yatema moto, acha kama futi 3 hivi katikati. Makuti ni baridi zaidi lakini panya na nyoka wayapenda, kwa hivo ukiezeka makuti tandika waya kwa ndani. Kipimo chenyewe ni rahisi, nenda saa tatu usiku, kama wako juu midomo wazi wahema, ongeza upenyo wa hewa kesho yake, usingoje.

Masanduku ya kutagia yawe chini kuliko mti wa kulalia. Hii hii moja yaondoa nusu ya malalamiko ninayoskia ya mayai machafu. Kuku usiku anya sana, na anya pale pale alipolala, akilala ndani ya sanduku asubuhi mwenzake aja kutaga juu ya kinyesi kibichi, yai lachafuka, ukiliosha waondoa ule utando wake wa kulilinda na bakteria waingia ndani. Kama wameshazoea kulala humo, ikifika jioni ziba mdomo wa sanduku kwa kipande cha mbao au gunia, na ufungue alfajiri mapema manake wengi hutaga asubuhi. Kukishakuwa na kiza nenda wachukue mmoja mmoja uwapandishe kwenye mti, taratibu, mkono chini ya kifua, muweke mpaka ashike na vidole ndo uachie. Fanya hivo kila siku mpaka waelewe, wengine huchukua siku chache, wengine wiki na zaidi, usichoke. Tembe wadogo huanza kujaribu kupanda wakiwa na wiki 4 mpaka 6, hao wawekee kijiti cha chini mapema na hutapata hii kazi kabisa.

Mama mwenye vifaranga ni mambo mengine, yeye atalala chini na watoto wake chini ya mabawa, usimlazimishe mti. Mtenge kwenye tenga au kijumba chake ndani ya banda, na asubuhi usimfungulie kabla hujawa macho wewe mwenyewe, kunguru wetu mwawajua.

Kuku mgeni uliyemtoa soko la Kongowea au kwa jirani hajui hapo ni kwake. Kwanza muweke peke yake mbali na wenzake wiki 2 mpaka 3 umuangalie, kideri, ule ugonjwa wa kuku wa kuambukizana, huingia uani kwa mlango huo huo wa kuku mpya. Akiwa mzima muingize usiku, muweke kwenye mti katikati ya wenzake, na wote uwafungie banda siku kadhaa bila kutoka. Ukiwafungulia mapema mgeni atarudi kulala uani kwa jirani au juu ya mti wa nje. Na wakigoma kuingia jioni, angalia kwanza ndani kuna kiza kiasi gani. Banda likiwa na kiza na nje bado kweupe kuku haingii, kwake hilo ni shimo. Toboa kidirisha upande wa machweo ili mwanga wa mwisho uingie ndani, na ile konzi ya mtama au mahindi yaliyovunjwa ya jioni uwape ndani, si nje, hapo walala matumbo yameshiba na wewe huwakimbizi. Ukiweka balbu usiizime kwa ghafla wakiwa bado wako chini, wote watabaki hapo hapo kwenye sakafu mpaka asubuhi.

Mlango ufungwe kila magharibi, na hii si kazi ya kumwachia mtoto peke yake. Ule waya mwembamba wa kuku wamzuia kuku kutoka, haumzuii mnyama kuingia. Paka shume aupasua, kanu, yule mnyama mwembamba wa usiku mfano wa paka, aupenya kwenye kona, panya buku achimba chini. Weka waya mgumu wa matundu madogo ya nusu inchi, uuzike chini futi 1 hivi pembeni mwa banda, na mti wa kulalia usiwe umegusana na waya, kuna wanyama hawana haja ya kuingia, wamvuta kuku mguu au kichwa kupitia tundu. Wezi wa watu nao wako, kufuli zuri na banda karibu na dirisha lako.

Sasa wadudu, na hapa nawaomba mniskize sana, manake hawa mchana huwaoni. Utitiri mwekundu na kupe wa kuku wajificha kwenye nyufa za mbao na za ukuta, zaidi zile kuta zetu za udongo na mawe, usiku watoka wafyonza damu na alfajiri warudi mafichoni. Wewe waona tu kilemba kimepauka, mayai yamepungua, kuku hawataki kuingia ndani jioni, wasema labda ni chakula. Chukua karatasi nyeupe ya shashi, usiku na tochi ya simu, pangusa chini ya mti wa kulalia pale unapokutana na ukuta. Ikitoka na vidoa vyekundu, hiyo ni damu ya kuku wako. Ndo mana nasema mti uwe wa kutoka, ukae kwenye vishikio tu, utoe nje uanikwe juani, uchomwe kidogo na moto kwenye nyufa na ncha, kuta zipigwe chokaa mpaka nyufa zizibike, na dawa ya agroveti ipulizwe kwenye mafichoni, irudiwe tena baada ya wiki kama walivyoandika kwenye chupa manake mayai ya utitiri huanguliwa haraka. Majani ya mwarobaini chini ya maranda watu wengi hapa waweka, na mimi naweka, lakini kama wadudu wameshajaa hayo peke yake hayatoshi.

Chini ya mti weka ubao mpana au gunia ambalo utalikung'uta kila asubuhi, kinyesi kingi cha siku nzima chadondoka hapo. Na usilipime banda ukiwa umesimama, chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa kuku, vuta pumzi. Macho yakikuwasha, ndo hewa waliyolala nayo usiku kucha, na kifua cha kuku ni chepesi kuharibika.

Kwa hivo jipangieni, baada ya isha, siku mbili tatu kila wiki, ingia na tochi hafifu bila kelele, simama tu na uskize. Mchana kuku mgonjwa ajificha, ajikaza mbele ya wenzake, usiku hawezi. Utaskia anayekoroma, anayepiga chafya, anayetoa mlio wa maji kooni. Na yule ambaye siku zote alala juu, leo umemkuta kwenye kona ya chini peke yake, manyoya yamevimba, huyo mtoe usiku huo huo, muweke kando, mpe maji, na asubuhi tafuta daktari wa mifugo kabla hujawafungulia wengine.